Mfungwa Aliyenakili Kamusi



Kijana mmoja wa mtaani kwetu alinijia siku moja baada ya sala ya Alasiri, barua mkononi. Alikuwa akiomba kazi ya ukarani, na barua ameiandika kwa Kiingereza, akataka niipitie kabla hajaitia posta. Niliisoma mara ya kwanza nisiielewe. Nikaisoma mara ya pili, kisha nikamwuliza, "Mwanangu, neno hili hapa maana yake nini?" Akacheka kwa haya, akasema, "Mzee, hilo silijui sawasawa, lakini ni neno kubwa." Barua nzima ilikuwa hivyo. Maneno makubwa makubwa yaliyookotwa huku na huku yamepangwa safu kama bidhaa kwenye meza ya mchuuzi, na mchuuzi mwenyewe hajui bei zake.

Sikumcheka. Nami ujanani mwangu nilikuwa na daftari la maneno kama hayo, na nikiyatoa mbele ya wenzangu siku za Idi ili nionekane msomi. Na haja aliyokuwa nayo kijana yule ni haja ya kweli. Sekondari zetu na vyuo vyetu vikuu vinasomesha kwa Kiingereza, vitabu vya tiba na vya uhandisi vimeandikwa kwa Kiingereza, na mwenye msamiati mdogo hubaki mlangoni akisikia wenzake wakizungumza ndani. Kwa hiyo sikumwambia aache kuyatafuta maneno. Nilimwambia aketi, nikamsimulia kisa cha mtu aliyeyatafuta maneno akayapata, na kisa hicho ndicho ninachotaka kukusimulia na wewe. Lakini subira kidogo. Kwanza tuyatazame hayo maneno makubwa yenyewe, tujue yametoka wapi, kwa sababu wengi wetu tunadhani Waingereza wamezaliwa nayo.

La, hawakuzaliwa nayo. Kiingereza cha kale kilikuwa lugha ya wakulima na wavuvi waliovuka bahari kutoka pwani za Ujerumani na Denmark katika karne ya 5. Mwaka 1066 William wa Normandy aliiteka nchi yao, na kwa muda wa kiasi cha miaka 300 wakubwa wa Uingereza wakawa wakisema Kifaransa. Mtumwa wa shambani aliyemchunga ng'ombe alimwita kwa jina la Kiingereza, na bwana aliyemla ng'ombe yuleyule mezani aliita nyama yake kwa jina la Kifaransa. Ndiyo maana mpaka leo mtoto wetu shuleni hufundishwa majina mawili, "cow" zizini na "beef" sahanini. Maneno yao ya hukumu, ya serikali na ya mahakama mengi yaliingia kwa njia hiyo. Hata neno lao la jela, "prison", walilipokea kutoka kwa waliowatawala.

Kisha ikaja karne ya 16. Wanavyuoni wa Kiingereza walipoanza kuandika elimu kwa lugha yao badala ya Kilatini, waliona lugha yao ina upungufu, wakaanza kuazima maneno ya Kilatini na Kiyunani kwa maelfu. Hapo pakazuka ugomvi. Wengine waliyaita maneno hayo mageni "maneno ya pembe ya wino", kwa kuwa waandishi wa zama hizo walitia wino katika pembe, na neno refu lilikula wino mwingi. Thomas Wilson, katika kitabu chake cha ufasaha cha mwaka 1553, aliwakejeli watu waliosahau lugha ya mama zao kwa kutaka kuonekana wajuzi. Sir John Cheke, mwalimu mkubwa wa Kiyunani huko Cambridge, alitaka lugha ibaki safi kabisa. Alipoitafsiri Injili ya Mathayo alikataa kutumia neno la Kilatini kwa yule akida wa askari mia wa Kirumi, akambunia jina la Kiingereza ambalo kwetu lingekuwa kama "bwana-mia". Jina hilo halikushika. Lugha haisikii amri ya mtu mmoja, hata akiwa mwalimu wa mfalme.

Basi unaona, msomaji, kwamba kijana yule wa barua hakuwa wa kwanza. Waingereza wenyewe waliteswa na maneno hayo hayo. Mwaka 1604 mwalimu mmoja aitwaye Robert Cawdrey, aliyewahi kuwa kasisi akaondolewa katika ukasisi kwa kutokubaliana na wakuu wa kanisa, alitoa kitabu kidogo chenye maneno kiasi cha 2,500, kila neno gumu likielezwa kwa maneno mepesi. Wanahistoria wanakihesabu kuwa kamusi ya kwanza ya Kiingereza kwa Kiingereza. Hakikukusanya maneno yote ya lugha, ila yale magumu tu, na Cawdrey alisema wazi kwamba amekiandikia hasa wanawake na watu wengine wasiopata elimu, wapate kuyafahamu wanayoyasikia katika mawaidha na kuyaona vitabuni. Jambo la kupendeza ni kwamba katika utangulizi ilimbidi awafundishe wasomaji wake kuwa wataka kwanza waijue alfabeti kwa moyo, kisha neno linaloanza kwa a walitafute mwanzoni na linaloanza kwa v walitafute mwishoni. Mpangilio huo tunaouona wa kitoto, wao walikuwa hawajauzoea. Toleo lile la kwanza limebaki nakala moja tu duniani, nayo imo katika maktaba ya Bodleian, Oxford.

Nisije nikaonekana najisifia cha kwetu, lakini ni haki kusema kwamba Waarabu walikuwa wameitenda kazi hii kiasi cha miaka 800 kabla ya Cawdrey. Al-Khalil bin Ahmad, ambaye mapokeo yanasema kwao ni Oman na ambaye aliishi na kufundisha Basra katika karne ya 8, aliyapanga maneno ya Kiarabu kwa kufuata mahali herufi inapotamkiwa, akaanzia kooni na kumalizia midomoni. Herufi ya kwanza ikawa ayn, na kitabu kikaitwa Kitab al-Ayn. Na neno letu "kamusi" lina kisa chake. Al-Firuzabadi, aliyefariki Zabid huko Yemen mwaka 817 Hijria, aliiita kamusi yake Al-Qamus al-Muhit, yaani Bahari Iliyozunguka. Kitabu kilienea sana hata watu wakaanza kuita kila kitabu cha namna ile "qamus". Kwa hiyo Mswahili anayefungua kamusi, kwa asili ya neno, anafungua bahari.

Aidha hata hao Waingereza katika kuazima kwao hawakuishia kwa Warumi na Wayunani. "Algebra" ni al-jabr, neno lililomo katika jina la kitabu cha Al-Khwarizmi cha karne ya 9. "Admiral" imetokana na amiri. "Cotton" ni qutn, pamba. Na neno lao la jarida kama hili ulilolishika, "magazine", ni makhazin, yaani maghala. Mwaka 1731 Edward Cave wa London alitoa jarida akaliita ghala, kwa kuwa alikusudia kuweka humo akiba ya habari za kila namna, na tangu hapo jina likashika. Wakatoka wakaja mpaka kwetu: "safari", neno tulilolitoa Kiarabuni tukalifanya la kwetu, liliingia katika Kiingereza karne ya 19 kwa mikono ya wasafiri waliofuata misafara ya bara. Kijana wangu aliposikia hayo akakaa vizuri zaidi. Alikuwa ameyaogopa maneno yale kama mali ya watu, kumbe mengine ni mizigo iliyopita bandarini kwetu.

Haya, sasa tuje kwenye kisa.

Malcolm Little alizaliwa Omaha, Nebraska, tarehe 19 Mei 1925. Baba yake alifariki mwaka 1931 huko Lansing, Michigan, na mama yake, aliyekuwa mzaliwa wa kisiwa cha Grenada, alielemewa na ulezi wa watoto wengi katika umaskini na bughudha hata akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Watoto wakatawanywa. Malcolm alilelewa na watu wengine katika mji mdogo wa Mason, akasoma shule iliyojaa watoto wa Kizungu, na wala asidhani mtu kwamba alikuwa mjinga: alishika nafasi za juu, na wenzake wakamchagua kuwa kiongozi wa darasa. Kisha siku moja mwalimu wake alimwuliza angependa kuwa nani. Akajibu mwanasheria. Mwalimu akamwambia hilo si jambo la mtu mweusi kulifikiria, afadhali awe seremala.

Useremala ni kazi ya heshima. Lakini Malcolm aliona kwamba wenzake Wazungu waliokuwa chini yake darasani hakuna aliyevunjwa moyo namna ile. Shule ikamtoka rohoni. Alipomaliza darasa la nane alikwenda Boston kwa dada yake, kisha Harlem, akaingia katika uhuni wa kila aina, kamari, bangi na wizi. Alisema baadaye kwamba siku hizo kila neno alilotamka lilikuwa la kihuni au la matusi, na kwamba angethubutu kuapa kuwa maneno aliyokuwa akiyatumia hayakufika 200. Naona hapo ametia chumvi kidogo, maana mtu aliyewahi kuongoza darasa hasahau yote. Lakini kila mmoja wetu amewahi kumwona kijana aliyekuwa na akili ikamezwa na mtaa, mpaka ulimi wake umebaki na mambo matatu au manne ya kusema.

Mwanzoni mwa mwaka 1946 alikamatwa kwa wizi wa kuvunja nyumba. Alihukumiwa miaka 8 hadi 10, naye hajatimiza miaka 21. Walimpeleka Charlestown, jela iliyofunguliwa mwaka 1805, ambayo vyumba vyake havikuwa na maji ya bomba wala choo, ila ndoo. Alikuwa mkorofi hata wafungwa wenziwe wakampa jina la Shetani.

Humo ndimo alimokutana na mfungwa mmoja mtu mzima, mweusi kama yeye, ambaye katika kitabu chake anamwita Bimbi. Huyu hakuwa na misuli ya kutisha, hakuwa na fedha, na hakutukana. Alikuwa na maneno. Alipozungumza, wafungwa walikusanyika kumsikiliza, na hata askari jela wakasogea. Malcolm anasema alikuwa mtu wa kwanza aliyemwona akiheshimiwa na kila mtu kwa maneno yake tu. Bimbi alimwambia kwamba ana akili, aitumie. Malcolm akaanza kusoma Kiingereza kwa masomo ya posta, na kwa kuwa Bimbi alikuwa na ada ya kueleza asili ya maneno, akajiandikisha kimyakimya masomo ya Kilatini pia. Yaani mwizi wa Harlem ndani ya chumba chenye ndoo anajifunza Kilatini! Mtaani angelichekwa.

Mwaka 1948, kwa juhudi za dada yake Ella, alihamishiwa Norfolk, jela ya namna nyingine iliyokusudiwa kuwarekebisha watu. Walimu wa vyuo vikuu vya Harvard na Boston walikuja kufundisha, kulikuwa na mijadala ya kila wiki, na kulikuwa na maktaba kubwa. Wakati huo ndugu zake walikuwa wamekwisha ingia katika jumuiya ya Elijah Muhammad, iliyojiita Taifa la Uislamu. Mafundisho yake mengi yalikuwa mbali na Uislamu tunaoujua, na Malcolm mwenyewe alikuja kuyaacha. Lakini ndiyo yaliyomfanya aache nguruwe na sigara, na ndiyo yaliyomtia shauku ya kuandika. Alitaka kumwandikia Elijah Muhammad barua ya ukurasa mmoja. Anasema aliiandika na kuiandika upya si chini ya mara 25. Mtaani alikuwa msemaji ambaye watu walimsikiliza, lakini penseli ilipokuwa mkononi hakuweza kusema lolote likaeleweka, na hata mistari yake haikunyooka.

Na alipokamata kitabu, kila sentensi ilikuwa na maneno ambayo kwake yangeweza kuwa ya Kichina. Aliyaruka, na alipomaliza kitabu hakujua kilisema nini. Msomaji, hebu tujiulize kwa uaminifu ni mara ngapi sisi tumesoma hivyo, tukafunga kitabu na kusema "nimekisoma".

Basi akaomba katika shule ya jela apewe kamusi, madaftari na penseli. Siku mbili za kwanza alizipitisha akifunua kurasa tu kwa kubabaika, kwa kuwa hakudhania kuna maneno mengi kiasi hicho, na hakujua aanze na lipi. Mwishowe, ili apate kuanza tu, akaanza kunakili. Kwa mwandiko wake mbovu aliandika katika daftari kila kitu kilichopigwa chapa katika ukurasa wa kwanza, hata nukta na mikato. Kazi hiyo ilimchukua siku nzima. Kisha akajisomea kwa sauti yote aliyoyaandika, mara nyingi. Alipoamka asubuhi aliyafikiria maneno yale, akafurahi kuona kwamba ameandika mengi kwa mara moja, na tena ameandika maneno ambayo hakuwahi kujua kama yapo duniani. Akajipima ni yapi anayakumbuka maana zake, na yale aliyoyasahau akayarudia.

Neno moja la ukurasa ule wa kwanza halikumtoka kichwani maisha yake yote. Ni "aardvark", mnyama mwenye mkia na masikio marefu, achimbaye mashimo na kula mchwa kwa ulimi. Kamusi ilikuwa na picha yake. Sisi twamwita mhanga. Nani angedhani? Kitu cha kwanza ambacho kamusi ya Kimarekani ilimpa kijana yule aliyenyimwa habari zote za Afrika kilikuwa mnyama wa Afrika, mwenye kuchimba ardhi usiku.

Akanakili ukurasa wa pili, na wa tatu. Kila ukurasa ulimfundisha watu, miji na matukio ya historia, kwa sababu kamusi kubwa ni kama ensaiklopidia ndogo. Herufi ya A ikajaza daftari zima, akaendelea na B. Mkono ukazoea na mwendo ukaongezeka, na anasema hivyo ndivyo alivyokuja kuinakili kamusi nzima. Pamoja na barua alizoziandika, alikadiria kwamba katika muda wake wa jela aliandika maneno milioni moja.

Kuna filamu iliyotolewa mwaka 1992 juu ya maisha yake, ambayo wengi wenu mmeiona. Humo mfungwa mwenziwe anamfungulia kamusi na kumwonyesha neno "nyeusi" na neno "nyeupe" yalivyoelezwa, jeusi likipewa maovu na jeupe likipewa mema. Ni onyesho la kusisimua, lakini mfungwa yule wa filamu ni mtu wa kubuniwa, na katika kitabu chake Malcolm hasimulii hivyo. Alianza peke yake, na alianza na A. Mimi naona ukweli huu usiosisimua una faida zaidi kwetu. Hakutafuta neno litakalomkasirisha au litakalompa ushindi. Alianza pale kila mtu anapoanzia.

Kijana wangu akaniuliza, "Sasa Mzee, nami ninakili kamusi?" Nikamwambia akitaka anakili, lakini atazame kwanza yale yaliyofanya kunakili kule kukafaa. Malcolm hakuokota neno peke yake, alilichukua pamoja na maana yake na matumizi yake. Aliliandika kwa mkono, na mkono una kumbukumbu yake. Alilisoma kwa sauti, kama tulivyohifadhishwa sura fupi fupi chuoni tukiwa watoto, sikio likausaidia moyo. Akalala, na asubuhi akajihoji mwenyewe bila kutazama. Na kubwa kuliko yote, alikuwa na vitabu pembeni, kwa hiyo neno alilolinakili Jumatatu alilikuta likitembea ndani ya kitabu Alhamisi. Neno lisilokutwa tena hufa.

Kisha kuna ile hila ya Bimbi ya kutazama mizizi. Sisi tunaijua bila kujua kwamba tunaijua. Aliyefahamu kwamba kitabu, katibu na maktaba ni watoto wa mama mmoja, k-t-b, hahitaji kuambiwa mara tatu. Kilatini nacho kina akina mama kama hao. Neno lao la kuandika, "scribere", limezaa "describe", kueleza; "prescribe", ambalo ni daktari kumwandikia mgonjwa dawa; "manuscript", kilichoandikwa kwa mkono. Ukimjua mama, watoto wake hawakutishi hata wakija kumi. Vivyo hivyo kijana anayejua kwamba soma imezaa msomi, somo, somesha na masomo, ana ufunguo tayari, hajaujaribu tu katika mlango wa jirani.

Msamiati ulipoongezeka, Malcolm anasema, kwa mara ya kwanza aliweza kuchukua kitabu na kufahamu kinachosema, na kuanzia hapo hakuachana na vitabu. Alisoma historia ya dunia ya H. G. Wells, vitabu vya Will Durant juu ya ustaarabu, na W. E. B. Du Bois juu ya roho za watu weusi. Saa nne za usiku taa zilizimwa, na mara zote zilizimwa yeye akiwa katikati ya jambo. Mbele ya mlango wake ukumbini palikuwa na taa iliyotupa mwanga hafifu chumbani. Akaketi sakafuni akasoma kwa mwanga ule. Kila saa askari alipita. Akisikia nyayo aliruka kitandani akajifanya amelala, askari akishapita akarudi sakafuni kwa dakika 58 nyingine. Ilikuwa hivyo mpaka saa tisa au saa kumi za alfajiri, na usingizi wake ukawa wa saa tatu au nne. Macho yake yaliharibika huko. Ile miwani unayoiona katika kila picha yake ni matokeo ya taa ile ya ukumbini.

Alitoka jela Agosti 1952. Na hapa ndipo ninapotaka uangalie sana, msomaji, kwa sababu ndipo kijana wangu wa barua alipokosea, nami nilipokosea zamani zangu. Mtu huyu aliyeinakili kamusi yote, aliposimama mbele ya watu hakuwamwagia kamusi vichwani. Hotuba zake zimehifadhiwa, zisikilize. Maneno ni mafupi, ya watu wa kawaida, ya kazini na jikoni. Hotuba yake mashuhuri aliyoitoa Cleveland tarehe 3 Aprili 1964 jina lake lina maneno mawili tu ya maana, kura na risasi. Kwa Kiingereza "ballot" na "bullet", ambayo yanafanana kwa sauti kama mapacha. Na ukichimba asili yake, "ballot" ilitoka kwa Wataliani, waliokuwa wakipiga kura kwa kutumbukiza vigololi, na "bullet" ilitoka kwa Wafaransa, na yote mawili maana yake ya kwanza ni kitufe kidogo. Sisemi kwamba aliwaza hayo aliposimama jukwaani. Lakini mtu wa maneno 200 hana nafasi ya kuchagua, huchukua lililopo. Mwenye maneno mengi ndiye awezaye kulipima dogo na kubwa, akalichukua dogo kwa kuwa ndilo linalofika. Yale makubwa yalimfaa zaidi masikioni kuliko mdomoni: alipojadiliana na maprofesa na wanasheria hakuna aliyeweza kujificha nyuma ya neno asilolijua.

Mwezi huo huo wa Aprili 1964, akiwa amekwisha jitenga na Elijah Muhammad, alikwenda Hija. Na huko Jedda lilimkuta jambo ambalo wasimulizi wengi hulipita haraka. Kwa kuwa alikuwa na pasi ya Kimarekani na watu hawakuwa na hakika ya Uislamu wake, alizuiliwa uwanja wa ndege asubiri kuhojiwa na mahakama ya Hija. Mwongozaji aliyepewa hakusema Kiingereza. Ulipofika wakati wa sala, yule aliyewahi kuwa mhubiri mkubwa wa misikiti ya Elijah Muhammad Marekani, aliyezungumza na maelfu, hakujua kusali. Hakuyajua maneno ya Kiarabu, na vifundo vya miguu yake havikuwahi kuzoezwa kukaa kikao cha sala. Mwongozaji akamwonyesha kwa vitendo, naye akafuatiza, wenzake wote wako chini na yeye amebaki ameinuka, akinong'ona asichokijua. Alijikasirikia mwenyewe kwa kutojifunza kabla ya kuondoka kwao.

Lakini hakuona haya kujifunza, akiwa na umri wa miaka 38, mbele ya watu wa mataifa yote waliojaa mle ndani. Alianza tena na A, kama alivyoanza Norfolk. Alipoondoka Makka alikuwa El-Hajj Malik El-Shabazz, na barua alizoziandika kutoka huko, akieleza jinsi alivyokula sahani moja na watu weupe kwa udugu, zilisomwa Marekani kote. Hazikuhitaji kuandikwa mara 25.

Oktoba mwaka huo alifika pande zetu. Nchi ilikuwa bado ikiitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, kwani jina la Tanzania lilitangazwa siku chache baadaye. Dar es Salaam alionana na Rais Nyerere, na alifanya urafiki na Abdulrahman Babu, ambaye Desemba alikwenda kuzungumza katika mkutano wake Harlem. Akapita Kenya pia. Miezi minne baada ya hapo, tarehe 21 Februari 1965, aliuawa kwa risasi New York akiwa anaanza hotuba, na kitabu cha maisha yake alichosimuliana na Alex Haley kikatoka mwaka huo huo yeye hayupo.

Karibu na mwisho wa kitabu hicho anazungumzia mambo aliyoyakosa maishani. Anasema angetamani kurudi shuleni akasome, na kwamba anazipenda lugha, na amekwisha anza kujifunza Kiarabu. Kisha anasimulia jinsi ilivyomuuma, katika safari zake za Afrika, kukaa katikati ya watu wanaofanana naye kwa sura na asiwaelewe wanachosema. Anazitaja lugha mbili alizozisikia, Kihausa na Kiswahili. Anasema alisimama kama mtoto mdogo, akingoja mtu amweleze kilichosemwa, na hakuusahau ujinga aliousikia nafsini mwake saa ile.

Nilipofika hapo adhana ya Magharibi ililia. Kijana akakunja barua yake akaitia mfukoni, tukaenda kusali. Siku ya pili aliniletea nyingine. Ilikuwa nusu ya urefu wa ile ya kwanza, na kulikuwa na neno moja tu nililomwuliza maana yake. Akanijibu bila kusita, akaniambia na lilikotoka.